Ni Nani Aliyekosa?

Neno juu ya mateso, kwa watu wa nyumbani na kwa waalimu



Katika nyumba za Wakristo liko swali lisilokoma kuulizwa: Ikiwa Mungu ni mwema, tena ni Mwenyezi, mbona watu wake wapatwa na mateso? Huuliza mama aliyezika mtoto, na mzee aliyekimbia nchi yake akaacha mji na shamba, na mgonjwa aliyeomba miaka mingi asipone. Mwalimu hawezi kulikwepa. Jawabu atakalolitoa siku ya msiba litakumbukwa hata watoto wawe watu wazima. Na pengine kwa neno lake moja mtu atasimama katika imani, au ataondoka asirudi tena.

Katika nchi ya Waha, yaani Kasulu na Kibondo na milima yake, watu humwita Mungu Imana, nao humjua kuwa ni mwema. Basi mabaya yakija, huuliza ni nani mwingine aliyeyatuma. Mmoja husema, ni jirani mwenye husuda. Mkristo naye amekwisha kuacha ramli, walakini mara nyingi swali lake ni lile lile lililovaa nguo nyingine: Ni dhambi gani ya siri iliyoleta haya? Yule amtafuta mchawi, huyu amtafuta mkosaji. Wote wawili wamtafuta mtu wa kulaumiwa.

Wanafunzi wa Yesu waliuliza vivyo hivyo. Yohana, katika sura ya 9, atuambia kwamba walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakataka kujua kama kosa ni lake au la wazazi wake. Bwana aliyakataa yote mawili. Hakuwapa hesabu ya dhambi za mtu. Alifanya tope, akampaka macho, akamtuma kwenda kunawa. Kadhalika Luka, katika sura ya 13, aeleza habari za watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Yesu alisema hawakuwa wakosaji kupita wenyeji wengine wa Yerusalemu.

Tuone sasa jinsi swali hilo liwezavyo kuua. Hasa tangu miaka ya 2006 na 2007, watu wenye ualbino katika Tanzania waliwindwa, wengine wakauawa na wengine wakakatwa viungo, kwa sababu ya uongo kwamba viungo vyao huleta utajiri. Uongo huo ulikuta njia imekwisha kufyekwa, maana tangu zamani watu walikuwa wakinong'ona kwamba mtoto wa namna hii ni laana ya nyumba, au kwamba mama yake amekosa. Na mtu aliyekwisha kuitwa laana ni rahisi kudhuriwa. Huko Kabanga, karibu na mji wa Kasulu, watoto wengi wenye ualbino walipelekwa shuleni wakae salama.

Na kweli ya jambo hili ni ipi? Mtoto huzaliwa na ualbino kwa kuwa amerithi kwa baba na kwa mama pia, ambao wao wenyewe huweza kuwa weusi. Mwili wake hautengenezi rangi ya kutosha kuikinga ngozi na jua. Hapana laana, hapana kosa. Ahitaji kofia pana, nguo za mikono mirefu, mafuta ya kuzuia jua, na mahali pa mbele darasani, maana macho yake ni dhaifu. Mwalimu ampaye mahali hapo amemfuata Bwana kuliko yule achunguzaye makosa ya wazazi.

Chukueni na habari za malale. Katika miaka ya 1930 ugonjwa huu ulikuwa tishio kubwa katika misitu ya nchi ya Waha, na serikali ya Waingereza iliwahamisha watu waliokaa mbalimbali porini, ikawakusanya mahali palipofyekwa. Mgonjwa wa malale huweza kubadilika tabia, akasinzia mchana na kukesha usiku, hata watu wakadhani amerogwa. Lakini huko Uganda, mwaka 1903, David Bruce na wenzake walikuwa wamekwisha kuonyesha ya kuwa mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo, ndiye achukuaye vijidudu vya ugonjwa huu. Aliyemjua mdudu aliweza kufyeka kichaka na kutafuta dawa. Aliyemtafuta mchawi aligombana na jirani yake, na mbung'o akaendelea kuuma. Hata hivyo tusisahau kwamba kuhamishwa nako kulikuwa mateso, kwa kuwa watu waliacha mashamba yao na makaburi ya wazee wao. Tena kujua sababu ya ugonjwa kwaufaa mwili, wala hakunyamazishi kilio cha aliyefiwa: Kwa nini mtoto wangu?

Yako na mateso yasiyoletwa na mdudu, ila na mikono ya wanadamu. Mwezi wa Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na mauaji yakaenea katika nchi ile. Tarehe 24 ya mwezi huo, mjini Ruyigi, ng'ambo ya mpaka wa Kibondo, Marguerite Barankitse alikuwa amewaficha watu katika nyumba ya askofu. Wauaji, watu wa kabila lake mwenyewe, walimfunga, wakawaua watu 72 mbele ya macho yake. Na Burundi ni nchi ambayo wengi wa watu wake wamebatizwa. Nani atathubutu kusema kwamba Mungu aliyapanga mambo hayo ili awafundishe watu? Barankitse aliokoa watoto 25, akawalea. Na kazi hiyo ikakua ikawa Maison Shalom, yaani Nyumba ya Amani, iliyolea maelfu ya watoto bila kuuliza kabila lao.

Warundi wengi walivuka mpaka wakaingia Kibondo na Kasulu. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa katika Kasulu kwa Wakongo waliokimbia vita, na mwaka 2015 Warundi wakaja tena, hata kambi ile ikawa na watu zaidi ya 100,000. Kila mmoja wao alikuja na mzigo wake, na chini ya mzigo lilikuwamo swali letu.

Walimu wakuu wa Kanisa walijitahidi kulieleza. Augustino, mwana wa Afrika ya Kaskazini aliyezaliwa mwaka 354, alifundisha ya kuwa uovu si kitu kilichoumbwa na Mungu, bali ni upungufu wa wema, kama vile giza lilivyo upungufu wa nuru. Nao uliingia kwa hiari iliyopotoka. Kabla yake, katika karne ya 2, Irenayo aliona kwamba mwanadamu aliumbwa kama mtoto, ili akue na kukomaa. Fundisho la kwanza latukataza kumtwika Mungu maovu ya watu. La pili lampa mvumilivu tumaini ya kuwa uchungu wake hautapotea bure. Lakini hakuna hata moja limtoshalo mama ambaye mtoto wake amekufa kabla ya kujua jina lake. Mafundisho hayo yafaa darasani; penye kaburi jipya huweza kuwa mawe.

Basi tumrudie Ayubu. Rafiki zake watatu, Elifazi na Bildadi na Sofari, walikuja wakaketi naye chini siku saba mchana na usiku, wasinene neno. Hayo ndiyo mema waliyoyatenda. Walipofungua vinywa walianza kutafuta kosa lake. Nao walidhani wanamtetea Mungu! Lakini mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia wao, akamkubali Ayubu aliyelia na kudai jawabu. Na angalieni: Ayubu hakupewa maelezo. Hata yale tusomayo katika sura za kwanza, yeye hakuambiwa. Alipewa kukutana na Mungu mwenyewe.

Na msalabani Bwana wetu alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22, akiuliza kwa nini ameachwa. Basi "kwa nini" si neno la makafiri. Limetoka katika kinywa cha Mwana wa Mungu. Na Baba hakumjibu kwa hoja, alimjibu kwa kumfufua siku ya tatu. Padre Emmanuel Katongole wa Uganda, katika kitabu alichokitoa mwaka 2017 juu ya maombolezo, alionyesha kwa mambo yaliyotukia Kongo ya Mashariki na Uganda kwamba tumaini la Kikristo huweza kuzaliwa ndani ya kilio chenyewe.

Kwa hiyo, enyi wazazi na waalimu, shikeni haya:

1. Mwendapo msibani, ketini kwanza, mnyamaze. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

2. Msiseme "Mungu amependa" juu ya jambo mjualo kwamba limefanywa na mtu. Mtoto akifa kwa homa kwa sababu alicheleweshwa kupelekwa kwa mganga wa hospitali, fanyeni shauri kwa upole, baada ya siku za matanga, ili mwingine asife vivyo hivyo.

3. Msikubali mtu yeyote atajwe kuwa mchawi, wala mfiwa ahesabiwe dhambi zake.

4. Wafundisheni watoto Zaburi za maombolezo pamoja na zile za shangwe. Zaburi ya 88 yaisha gizani, nayo imo katika Biblia, ili aliye gizani naye apate sala ya kuomba.

5. Chukueni kuni, maji na unga. Yule aliyepikiwa chakula siku ya msiba amejibiwa sehemu ya swali lake.

Sehemu iliyobaki hatuna sisi. Iko kwa Mungu, aliyeahidi kuyafuta machozi yote. Na mpaka siku hiyo itakapokuja, mfiwa asilie peke yake.