Kupogoa Mwembe wa Nyumbani

Miembe mikongwe ya Tabora na Ujiji ni ukumbusho wa misafara ya karne ya 19. Lakini mwembe wa uani usiachwe urefuke hivyo, maana maembe ya juu huanguka yakapasuka. Upogoe mara mavuno yaishapo, mvua zingaliko, ili machipukizi mapya yakomae kabla ya kiangazi. Maua hutoka katika ncha za matawi yaliyokomaa. Basi akataye maua yakikaribia hukata maembe yake mwenyewe. Ondoa kwanza matawi makavu, kisha yasuguanayo, ili jua na upepo vipite katikati. Tawi nene likatwe kwanza kwa chini, ndipo kwa juu, lisije likachana gome la shina. Usiache kisiki, hukaribisha uozo.