KOSA MOJA, ADHABU MBILI

Watu wengi huamini kwamba mkosaji akiisha kuhukumiwa, akalipa faini au akamaliza kifungo chake, deni lake kwa Serikali limekwisha. Kwa mgeni aliyehamia Marekani sivyo. Penye lango la jela huenda akamkuta afisa wa uhamiaji akimngojea, ili arudishwe katika nchi ambayo labda aliiacha angali mtoto mdogo. Jambo hili lafaa kufahamika hata huku kwetu, maana vijana wengi wa Afrika Mashariki huenda Marekani kusoma na kutafuta kazi.

CHETI CHA WACHINA

Chanzo chake ni cha zamani. Mwaka 1892 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyowalazimisha vibarua wa Kichina kuwa na cheti cha ukaaji. Asiyekuwa nacho aliweza kukamatwa na kufukuzwa nchini. Tena Mchina aliyehukumiwa kuwa yumo nchini bila haki aliweza kufungwa kwa kazi ngumu hadi mwaka mmoja, ndipo afukuzwe.

Wachina watatu wa New York walipeleka shauri lao hadi Mahakama ya Juu. Mwaka 1893 majaji walio wengi waliamua kwamba kufukuzwa nchini si adhabu ya jinai, bali ni njia ya kumrudisha kwao mgeni asiyetimiza masharti ya kukaa. Majaji watatu walipinga. Mmoja wao, David Brewer, alisema kwamba kumtoa mtu kwa nguvu katika nyumba yake na jamaa zake ni adhabu, tena mara nyingi ni adhabu kali mno.

Mwaka 1896 mahakama hiyo ilisikiliza shauri la Wachina wanne wa Detroit, waliofungwa siku 60 kwa kazi ngumu kwa amri ya afisa mmoja tu. Hapo majaji walisema kwamba Serikali yaweza kumfukuza mgeni, na hata kumzuia akingoja safari. Lakini ikitaka kumfunga kwa kazi ngumu ili kumwadhibu, hapana budi ashtakiwe mahakamani mbele ya baraza la raia linaloamua kama ana hatia.

Maamuzi hayo mawili ndiyo msingi uliopo hata leo: kifungo cha jinai ni adhabu, na kufukuzwa si adhabu.

MATOKEO YA NENO HILO

Msomaji aweza kudhani kwamba hayo ni mabishano ya wanasheria tu. Sivyo hata kidogo. Maskini anayeshtakiwa kwa kosa kubwa la jinai hupewa wakili kwa gharama ya Serikali, kama ilivyoamuliwa mwaka 1963. Katika shauri la kufukuzwa, mgeni ana ruhusa ya kuwa na wakili, lakini sheria haiilazimishi Serikali kumlipia. Asiye na fedha, wala mtu wa kumsaidia, husimama peke yake. Hakimu anayemsikiliza ni mtumishi wa Wizara ya Sheria, si jaji wa mahakama iliyo huru. Kadhalika, kwa uamuzi wa mwaka 1984, ushahidi uliopatikana kwa kuvunja sheria, ambao mahakama ya jinai kwa kawaida huukataa, mara nyingi hupokelewa katika shauri la uhamiaji.

Wakati huohuo makosa ya kumfukuzisha mtu yaliongezeka. Sheria ya mwaka 1988 ilitaja mauaji, biashara ya dawa za kulevya na biashara ya silaha. Mwaka 1996 orodha ilirefushwa sana: hata wizi uliohukumiwa kifungo cha mwaka mmoja ukaingia, ijapokuwa kifungo chenyewe kiliahirishwa na mtu hakulala jela hata usiku mmoja. Tena orodha hiyo mpya iliwahusu hata waliohukumiwa miaka mingi kabla yake.

ULIMI ULIOJIKWAA

Wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Huko Marekani kesi nyingi za jinai humalizika kwa mshtakiwa kukubali kosa ili apunguziwe adhabu. Dereva mmoja wa lori, mzaliwa wa Honduras, alikuwa amekaa Marekani kwa halali zaidi ya miaka 40, na alikuwa amelitumikia jeshi la nchi hiyo wakati wa vita vya Vietnam. Aliposhtakiwa huko Kentucky kwa kusafirisha bangi, aliambiwa na wakili wake kwamba hana haja ya kuogopa kufukuzwa, kwa kuwa amekaa muda mrefu. Akakubali kosa; na kwa neno hilo akawa amejifungulia mlango wa kutoka nchini.

Shauri lake, liitwalo Padilla na Kentucky, liliamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2010. Majaji 7 kati ya 9 walikubaliana kwamba wakili hana budi kumwonya mteja aliye mgeni kwamba kukubali kosa kwaweza kumfukuzisha. Mahakama ilikiri kwamba kufukuzwa kumefungamana na hukumu ya jinai kiasi kwamba ni vigumu kuvitenganisha.

ASKARI NA SHAHIDI

Liko na upande mwingine. Mgeni anayemwogopa askari polisi kwa sababu ya karatasi zake hatapiga ripoti akiibiwa, wala hatatoa ushahidi akiona mtu anapigwa, na mhalifu atapona. Kwa hiyo mwaka 2000 Bunge liliweka kibali maalumu kwa walioumizwa na uhalifu mkubwa wakasaidia upelelezi. Vibali hivyo huwekewa mpaka wa watu 10,000 kwa mwaka, bila kuhesabu jamaa zao.

Serikali yoyote ina haki ya kulinda mipaka yake, na pia ina wajibu wa kuhukumu kwa haki. Lakini anayepoteza nyumba, kazi na watoto hapati faraja kwa kuambiwa kwamba hakuadhibiwa. Na kijana aendaye ugenini na akumbuke neno moja: akishtakiwa, hata kwa jambo dogo, asikubali kosa kabla ya kumwuliza mtu ajuaye sheria zote mbili. Majuto ni mjukuu.