Nafaka saba kwenye pakiti moja, mtoto bado anadumaa

Sumbawanga. Mama anayetoka Milanzi kwenda mjini kutafuta chakula cha mtoto siku hizi hahangaiki sana. Kwenye maduka ya vyakula maalumu atakuta unga wa lishe uliofungwa kwenye pakiti zenye picha ya mtoto mwenye mashavu, asali ya chupa, siagi ya karanga, mafuta ya alizeti na dagaa waliosagwa.

Akiuliza unga upi unamfaa mtoto wa miezi saba, mara nyingi ataelekezwa kwenye ule wenye vitu vingi zaidi: mahindi, ulezi, mtama, mchele, ngano, soya, karanga, wakati mwingine na dagaa humohumo. Bei yake iko juu kuliko ya unga wa kawaida, lakini mama hulipa akiamini kuwa kwa pakiti hiyo moja amemaliza kazi ya kumlisha mwanawe.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza.

Mkoa wa chakula, watoto wafupi

Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi. Mahindi ya Ufipa hununuliwa na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), na mengine huondoka kwa malori kwenda mikoa mingine. Maharage, ulezi na alizeti vinalimwa, na samaki wanatoka Ziwa Tanganyika upande mmoja na Ziwa Rukwa upande wa pili.

Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 (TDHS-MIS) ulionyesha kuwa asilimia 49.8 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Rukwa wamedumaa, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Ni nafuu ukilinganisha na asilimia 56.3 ya utafiti wa mwaka 2015/16, lakini bado ni karibu mtoto mmoja kati ya kila wawili.

Udumavu ni mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake kwa sababu ya lishe duni au maradhi ya mara kwa mara. Mtoto aliyedumaa huonekana mzima. Anacheza, anakula ugali akashiba, na wazazi husema amerithi umbo la babu yake. Mahali ambapo nusu ya watoto wa mtaa wako hivyo, ni vigumu mzazi kuona tofauti kwa macho.

Madhara yake hayaishii kwenye urefu. Ubongo hukua kwa kasi tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapofikisha miaka miwili, zile siku 1,000 za mwanzo. Kinachokosekana wakati huo ni vigumu sana kukirudisha baadaye, na shuleni ndipo pengo linapoanza kuonekana.

Saba, lakini kundi moja

Shirika la Afya Duniani (WHO) linagawa chakula cha mtoto wa miezi sita hadi 23 katika makundi manane: maziwa ya mama, nafaka, mizizi na ndizi za kupika, kunde, karanga na mbegu, maziwa na mazao yake, nyama, samaki na maini, mayai, mboga na matunda yenye vitamini A kwa wingi, na mboga na matunda mengine. Kwa siku, mtoto anapaswa kupata angalau makundi matano.

Sasa rudi kwenye pakiti. Mahindi, ulezi, mtama, mchele na ngano vyote ni kundi moja. Ukiongeza soya na karanga, yanakuwa makundi mawili. Mtoto anayenyonya na kunywa uji huo asubuhi, mchana na jioni amepata makundi matatu. Hajaona yai, mboga wala tunda.

Kuchanganya kuna matatizo mengine, na ndiyo maana wataalamu wa lishe nchini wamekuwa wakishauri uji wa mtoto upikwe kwa unga wa nafaka moja, halafu vitu vingine viongezwe wakati wa kupika.

La kwanza ni muda wa kuiva. Unga wa ulezi huiva mapema, wakati soya mbichi ina viini vinavyozuia mwili kumeng'enya protini na inahitaji moto wa kutosha. Uji ukiepuliwa mapema, tumbo la mtoto ndilo linaloumia.

La pili ni mafuta ya karanga, ambayo hufanya unga uharibike haraka na kuwa na harufu. La tatu, mtoto akiharisha au akitokwa na vipele, mama hawezi kujua ni kitu gani kati ya vyote saba kilichomdhuru.

Hatari isiyoonekana

La nne ndilo zito zaidi: sumukuvu, sumu inayotengenezwa na fangasi kwenye mahindi na karanga ambazo hazikukaushwa au kuhifadhiwa vizuri. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Haina ladha, na kuchemsha uji hakuiondoi.

Karanga ikishasagwa, mnunuzi hawezi tena kuona kama ilikuwa na ukungu, imesinyaa au imevunjika. Anayenunua karanga nzima anazichambua mwenyewe kwenye ungo.

Hii haina maana kwamba kila anayeuza unga wa lishe ni wa kukwepwa. Wapo wajasiriamali wanaokaanga soya, wanaochambua karanga na kufuata taratibu zote. Mzazi aangalie alama ya TBS, orodha ya vilivyomo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Pakiti isiyo na hata kimoja kati ya hivyo, ni heri ibaki dukani.

Asali nayo, hata iwe safi kiasi gani, asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo changa haliwezi kuvidhibiti, na sumu yake hulegeza misuli hadi ya kupumulia.

Kwa pesa ileile

Ulezi peke yake ni unga mzuri, na una madini ya chokaa kwa wingi kuliko mahindi. Uji wake uwe mzito kiasi cha kutochuruzika kwenye kijiko, kwa sababu uji mwepesi hujaza tumbo maji.

Kwa mtoto anayeshindwa kumeza uji mzito, jibu liko jikoni kwa bibi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania (TFNC) walifanyia kazi matumizi ya kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa, kwenye uji wa watoto. Kijiko kidogo cha kimea kikikorogwa kwenye uji mzito ulioiva, uji hulainika bila kuongezewa maji, kisha huchemshwa tena kidogo. Wanaotengeneza pombe ya ulezi wanakijua kimea vizuri. Cha mtoto kikaushwe vizuri na kisiwe na ukungu.

Baada ya hapo, kila mlo uongezewe kitu. Asubuhi, maziwa. Mchana, maharage yaliyopondwa, majani ya maboga na kijiko cha mafuta ya alizeti. Jioni, yai lililoiva, au dagaa waliotolewa vichwa, wakaoshwa mchanga, wakakaushwa na kutwangwa. Katikati ya milo, parachichi, papai au ndizi mbivu. Karanga zikaangwe, zimenywe na kusagwa laini. Punje nzima inaweza kumkaba mtoto.

Mtoto wa miezi sita hadi minane huanza na vijiko viwili au vitatu kwa mlo na kupanda taratibu hadi nusu kikombe, mara mbili au tatu kwa siku. Kuanzia miezi tisa ni mara tatu au nne. Ratiba hii huvunjika msimu wa kilimo, mama anapoondoka alfajiri na mtoto kubaki na dada yake wa miaka minane. Anayeachiwa mtoto aachiwe pia chakula na maelekezo, na baba akiwepo, kulisha ni kazi yake pia.

Siku za kliniki, mzazi aombe mtoto apimwe na urefu, siyo uzito tu. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji inapofanyika, ni nafasi ya kuuliza na kuona chakula kikiandaliwa.

Na msimu wa mauzo, wenye nyumba wakikaa kuhesabu magunia yanayokwenda sokoni, wahesabu pia yanayobaki: debe la maharage, ulezi wa miezi kadhaa, na mayai ya kuku wa uani ambayo mara nyingi huuzwa yote ili kununua pakiti yenye picha ya mtoto mwenye mashavu.