Hesabu za Kompyuta na Mashimo ya Bao

Twasikia mara nyingi ikisemwa kwamba watoto wa vijijini hawana budi kungoja umeme na mashine, ndipo wafundishwe elimu ya kompyuta. Sisi hatuikubali kauli hiyo.

Chukua Mbesa, huko Tunduru, mwendo mrefu mashariki ya Songea. Huko ni nchi ya korosho, na tangu mwaka 2024 zao hilo lauzwa katika minada ya mtandao. Kompyuta basi imekwisha kumfikia mkulima, huku mwanawe akiambiwa angoje! Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022, nchini kote, ni kama mtahiniwa mmoja tu kati ya watano aliyefaulu hisabati. Nani atakayemsomea mzee hesabu ya malipo yake?

Mwalimu na achukue bao. Lina mashimo 32. Yapewe namba, tangu 0 hadi 31. Mtoto mmoja achague shimo moyoni, wenziwe waulize maswali ya ndiyo au siyo. Anayebahatisha shimo moja moja huenda akauliza mara 31. Mwerevu huligawa bao nusu kwa nusu: "Je, ni 16 au zaidi?" Yabaki mashimo 16, kisha 8, kisha 4, kisha 2, swali la tano lamaliza kazi.

Sasa kila jibu liwe kidole: ndiyo kisimame, siyo kilale. Kidole cha mwisho ni 16, cha pete 8, cha kati 4, cha shahada 2, gumba 1. Vikisimama cha mwisho, cha kati na cha shahada, shimo ni la 22. Mkono uliozoea kuhesabu tano wafika 31! Kompyuta nayo haina siri nyingine: umeme upo au haupo, ila vidole vyake ni mabilioni.

Wizara ya Fedha ilipata kompyuta ya kwanza nchini mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikazuia mashine hizo zisiingizwe. Wapo wanaoicheka amri ile, iliyokwisha kuondolewa zamani. Sisi hatucheki: mashine zilitangulia, wataalamu wetu wakawa haba.

Darasa la tano laweza kuanza kesho, tena kwa Kiswahili. Bao likikosekana, mashimo huchimbwa ardhini nje ya darasa.