Rada mpya zaweza kulinda mzigo wa Kasulu ziwani

MFANYABIASHARA wa Kasulu au Kibondo anayekusanya maharage na mahindi kwa soko la Kongo huijua bei ya mnadani na nauli ya lori hadi Kigoma. Boti ya mbao ikishaondoka Kibirizi kuelekea Uvira au Kalemie, hajui tena mzigo wake uko wapi mpaka apigiwe simu kutoka ng'ambo.

Kwa upande wa nchi kavu mambo yamesogea. Lami ya kilomita 63 kati ya Kidahwe na Kasulu ilikamilika, na Benki ya Maendeleo ya Afrika iligharimia mradi wa kilomita 260 unaotoka Kabingo kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu. Hatari kubwa imebaki majini. Ziwa Tanganyika lina upana wa wastani wa kilomita 50, upepo wake hubadilika ghafla, na wezi wa injini huvizia usiku. Desemba 2014 boti Mutambala ilizama upande wa Kongo na kuua watu zaidi ya 100.

Ndipo rada za transista zinapoingia katika hesabu. Rada za zamani za majini hutumia magnetroni, taa maalumu inayotoa mshindo mfupi wenye nguvu ya kilowati kadhaa au makumi. Magnetroni huchakaa, kwa kawaida kabla ya saa 10,000, na mtambo unaowaka usiku na mchana humaliza saa 8,760 kwa mwaka. Maana yake ni kipuri na fundi karibu kila mwaka. Rada ya transista hutoa wati 200 hivi tu, lakini mshindo wake ni mrefu, na kompyuta huukusanya mwangwi unaporudi. Transista moja ikiharibika, nguvu hupungua bila mtambo kuzimika.

Faida ya pili inamgusa zaidi mwenye magunia. Rada hizi hupima mwendo wa kitu, hivyo hutenganisha boti inayotembea na mawimbi yanayoizunguka. Boti ya mbao hurudisha mwangwi hafifu, na kwenye rada ya kawaida hupotea kirahisi ziwa likichafuka. Nyingi hazina chombo cha kujitambulisha kama meli kubwa. Antena iliyo mita 100 juu ya maji, jambo lisilo gumu kwa vilima vya Kigoma, huweza kufikia boti ya chini umbali wa kilomita 45 hivi, ingawa ubao hupunguza umbali huo.

Hata hivyo, neno rada lina historia chungu kwa mlipa kodi wa Tanzania. Rada ya BAE Systems, iliyopewa leseni ya Uingereza Desemba 2001, iligharimu pauni milioni 28, na wataalamu wa usafiri wa anga walisema ilikuwa ghali mno na haikidhi mahitaji ya ndege za kiraia. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikiri mahakamani kosa la kutotunza vizuri hesabu zake, na mwaka 2012 ikalipa pauni milioni 29.5, ile chenji ya rada iliyonunua vitabu na madawati. Rada nne ambazo Mamlaka ya Usafiri wa Anga iliagiza kwa Thales mwaka 2017, kwa zaidi ya shilingi bilioni 60, ni za ndege. Hazikuwekwa kuangalia mitumbwi.

Mwenye mzigo anapaswa kuuliza pia boti ya uokoaji iko wapi. Rada inayoona chombo kikizama, huku hakuna wa kukifuata, haishushi hatari wala bei ya bima.

Watengenezaji wako mbali na soko la hisa la Dar es Salaam. Hensoldt, iliyoinunua Kelvin Hughes mwaka 2017, iliingia Frankfurt 2020, na Thales iko Paris. Mtaji mdogo wa Kigoma una nafasi kwenye minara, uzio, umeme wa jua na ulinzi wa vituo, kazi ambazo zabuni zake za serikali hupitia mfumo wa NeST tangu 2023. Asiyejisajili humo hawezi kuomba.