Krismasi Inayotua Kwenye La

Mwanakwaya yeyote aliyefunzwa kwa do-re-mi anajua kwamba nyimbo nyingi za Krismasi hutua kwenye do. Hupanda, hushuka, hukawia njiani, mwishowe hurudi nyumbani nasi tukashusha pumzi. Zipo chache zinazotua kwenye la. Hizo ndizo mtaji wa muziki ambao wengi wetu hatujaukuta: muziki wa gothiki wa Krismasi, wenye giza na mizimu, wa ala, usio na maneno.

Miongoni mwa wanaoupiga wamo Wamarekani. Kundi la Nox Arcana la Ohio, lililoanzishwa mwaka 2003 na Joseph Vargo na William Piotrowski, lilitoa albamu ya Winter's Knight mwaka 2005, kisha nyingine mbili za majira hayo hayo. Midnight Syndicate, majirani zao wa Ohio waliozoeleka kwa muziki wa Halloween, walitoa ya kwao ya Krismasi mwaka 2015. Humo utasikia kinanda cha kanisani, kengele, fidla na kwaya inayoguna bila maneno, vyote vikiwa na mwangwi kana kwamba vimerekodiwa ndani ya kasri lililohamwa.

Mtu atauliza: mizimu na Krismasi wapi na wapi? Huko kaskazini ni ndugu wa siku nyingi. Siku za Krismasi, London jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, na watu walizoea kuota moto wakisimuliana hadithi za mizimu. Riwaya inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya kigothiki, ya Horace Walpole, ilitoka mkesha wa Krismasi wa mwaka 1764. Charles Dickens naye alipoandika A Christmas Carol mwaka 1843, aliijaza mizimu.

Sasa tusikilize giza hilo linavyotengenezwa. Kaa kwenye kinanda uhesabu vitufe, vyeupe na vyeusi. Kutoka do hadi mi ni hatua nne; kutoka la hadi do ni tatu. Hatua hiyo moja iliyopungua ndiyo inayoufanya wimbo unaotua kwenye la usikike wenye huzuni au fumbo kwa masikio yaliyolelewa na muziki wa Ulaya. Jaribu mwenyewe: imba do–ti–do–la, urudie bila kukoma. Huo ndio uti wa mgongo wa Shchedryk, wimbo wa Mwaka Mpya wa Ukraine ambao Mykola Leontovych aliupangia kwaya, ukaimbwa Kyiv mwaka 1916. Maneno yake yanamhusu mbayuwayu anayemletea mwenye nyumba habari za neema. Maneno ya Kiingereza ya kengele za Krismasi aliyaongeza Peter Wilhousky mwaka 1936.

Hapo ndipo unapoonekana werevu wa kuondoa maneno. God Rest Ye Merry, Gentlemen, wimbo wa kale wa Kiingereza, una maneno ya kufariji watu wasihofu, ilhali sauti yake imekaa kwenye la. Ukiyafuta maneno, faraja inaondoka nayo, na hofu iliyokuwa ikitulizwa inabaki peke yake. Mpigaji hajaongeza kitu.

Hata kengele yenyewe ina siri hiyo. Ukiigonga ya kanisa, ya mtindo wa kawaida wa Ulaya, haitoi sauti moja bali kadhaa kwa pamoja, na miongoni mwake mna zile mbili zilizoachana hatua tatu, la na do. Kengele yenye do na mi ndani yake ilisubiri hadi miaka ya 1980, wataalamu wa Uholanzi walipoiunda kwa msaada wa kompyuta. Kwa hiyo kengele iliyokuwa ikiita watu kwenye misa ya usiku wa Krismasi, karne baada ya karne, ilikuwa ikiwaita kwa la.