Je, Wajua? Kioo chenye Kijapani tumboni

Kile kioo kidogo cha mistari miwili, ambacho mafundi wa nyumbani hukifunga usoni mwa kompyuta kionyeshe joto la prosesa, mara nyingi kinajua Kijapani. Chipu yake maarufu, HD44780 ya Hitachi, ina toleo lililojazwa herufi za katakana. Ukiitumia mkwaju wa kuinamia nyuma (\), inakuandikia alama ya yeni: ¥!

Kila herufi ni vitone 40 tu, 5 kwa 8. Chipu hukumbuka herufi 80, na inakuachia nafasi 8 uchore zako: betri, moyo, hata kikombe cha kahawa.

Zamani kioo hiki kilichomekwa kwenye tundu la printa la kompyuta. Umewasha, ukaona mstari wa miraba myeusi? Usikitupe. Umeme umefika, kinachokosekana ni amri.